Gari Liachapo Barabara, Nani Amlipe Mlinzi?

Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya watumishi wa umma na walimu wa Mkoa wa Singida.



Mtu asafiriye kutoka Mkiwa kupitia Itigi hadi Rungwa, na kutoka hapo kuteremkia Makongolosi katika Mkoa wa Mbeya, hupita katika nchi pana ya miombo na vichaka. Mara kwa mara, kulia au kushoto kwa barabara, huona alama mbili za magurudumu zimeingia porini. Hapana kibao wala lango. Msafiri wa kawaida huzipita bila kuzitazama mara ya pili. Askari wa wanyamapori azionapo hana budi kushuka na kujiuliza maswali matatu: gari hilo ni la nani, limefuata nini humo, na je, limekwisha kutoka?

Maswali hayo ni mepesi kuyauliza, lakini kuyajibu kunahitaji gari la doria lenye matairi mazima, mafuta ndani ya tangi, redio ya mawasiliano, chakula cha siku kadhaa, na askari ambaye amekwisha kulipwa posho yake. Kila kimoja cha vitu hivyo hununuliwa kwa fedha, na fedha hizo lazima zitoke mahali fulani. Kwa hiyo shabaha ya maelezo haya ni kutazama mambo matatu: ulinzi dhidi ya magari yaachayo barabara ulipiwe na nani, fedha hizo zigawanywe kwa kipimo gani, na mwananchi aishiye kando ya pori ajueje kwamba zimefanya kazi iliyokusudiwa.

ENEO LINALOLINDWA

Mkoa wa Singida una eneo la kilomita za mraba 49,341. Zaidi ya nusu ya eneo hilo ni Wilaya ya Manyoni, ikiwa ni pamoja na Itigi iliyomo ndani yake. Huko ndiko yaliko Mapori ya Akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Pori la Rungwa lilitengwa mwaka 1951, wakati wa utawala wa Waingereza. Mengine mawili yakafuata baadaye. Mapori hayo yameungana, na upande wa kusini yanakutana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha iliyoanzishwa mwaka 1964. Tembo hajui mahali ambapo Manyoni inaishia na Iringa inaanza. Kwake yeye hiyo ni nchi moja.

Kuuzunguka mji wa Itigi kuna vichaka vya pekee, ambavyo wataalamu wa mimea duniani huviita kwa jina la mji huo. Vichaka vya namna hiyo havipatikani kwingineko isipokuwa kaskazini mwa Zambia, karibu na Ziwa Mweru Wantipa. Na upande wa kaskazini-magharibi ya mkoa, katika Wilaya ya Iramba, kuna mbuga ya Wembere na Ziwa Kitangiri, penye udongo mweusi unaogeuka tope zito wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi.

Watu wa mkoa huu wameishi na mapori hayo tangu zamani. Wakimbu wa Itigi wanajulikana kwa mizinga yao na asali yao. Wafuga nyuki, wachunga mifugo na wakata kuni walikuwa na njia zao za miguu, nyembamba, zilizopindapinda kuufuata mti na maji. Njia ya mguu hujifunga yenyewe isipopitwa kwa msimu mmoja au miwili. Gari ni jambo jingine.

NANI ANAYEACHA BARABARA?

Yafaa ieleweke kwamba waachao barabara si kundi moja. Wa kwanza ni wawindaji wenye vibali pamoja na wageni wao, ambao huingia vitalu vya uwindaji kwa magari yavutayo kwa magurudumu yote manne. Wa pili ni wenye malori yafuatayo magogo na mkaa. Wa tatu ni waendesha pikipiki, ambao katika miaka ya karibuni wameongezeka sana vijijini. Pikipiki hupenya pale lori lisipoweza, nayo hubeba gunia la mkaa, mgonjwa anayewahishwa zahanati, au nyama isiyo na kibali, kwa wepesi ule ule. Wa nne ni watu wa kazi halali za Taifa, kama vile wapimaji na watafiti. Utafutaji wa mafuta na gesi katika bonde la Eyasi na Wembere, unaofanywa na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, hauwezi kufanyika kwa kukaa barabarani tu.

Kuwatia wote hao katika kapu moja ni kosa. Aliye na kibali ana haki yake, na asiye nacho ana kesi ya kujibu. Lakini ardhi haisomi kibali. Gari la mwenye haki na gari la mwizi huikanyaga kwa uzito ule ule, na hapo ndipo gharama inapoanza.

MADHARA YA GURUDUMU

Gari zito lipitapo juu ya udongo uliolowa huushindilia, ukawa mgumu kama sakafu. Maji ya mvua hayapenyi tena. Hutiririka ndani ya alama za magurudumu na kuchimba mfereji. Dereva wa pili aonapo mfereji huukwepa kwa kupita kando, na wa tatu humkwepa wa pili. Ndivyo njia moja inavyokuwa njia nne katika mbuga kama Wembere, na majani ya malisho hayaoti katika mojawapo ya njia hizo. Katika jangwa la Mojave nchini Marekani, alama za vifaru vya jeshi vilivyofanya mazoezi kati ya mwaka 1942 na 1944 zilikuwa zingali zikionekana miongo mingi baada ya askari kwenda zao. Singida si jangwa, lakini ni nchi ya mvua chache, na kidonda cha nchi ya mvua chache hakiponi upesi.

Madhara makubwa zaidi si ya udongo. Njia iliyofunguliwa na gari la kwanza kwa sababu halali hutumiwa na gari la pili kwa sababu haramu. Jangili aliyekuwa akitembea siku tatu kwa miguu sasa hufika kwa saa chache, na hurudi na mzigo ambao mabega ya watu yasingeuweza. Hesabu ya tembo katika mazingira ya Ruaha na Rungwa iliyofanywa mwaka 2009 ilikadiria tembo 31,625. Hesabu ya mwaka 2013 ilikadiria 20,090. Si haki kusema kwamba tofauti hiyo ililetwa na njia za magari peke yake. Soko la pembe la nchi za mbali lilikuwa na nguvu kubwa kuliko yote. Hata hivyo, pembe haziruki. Kila jozi ya pembe iliyotoka ndani ya pori ilitoka kwa njia fulani, na kazi ya mlinzi ni kuijua njia hiyo kabla ya kutumika.

UKINGO WA BARABARA NDIO MPAKA

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza mtu kuingia katika pori la akiba bila kibali cha maandishi, isipokuwa yule anayepita kwa njia kuu. Maana yake ni nyepesi hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifahamu. Msafiri aliye barabarani yu salama mbele ya sheria. Gurudumu lake likiuvuka ukingo wa barabara na kuingia porini, hapo anaanza kudaiwa kibali. Na hata mwenye kibali cha kuwinda haruhusiwi kumpiga mnyama akiwa ndani ya gari. Hana budi kushuka.

Waswahili husema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Usemi huo unajaribiwa kila siku huko porini. Askari amkamataye kijana mwenye pikipiki na magunia mawili ya mkaa, kisha akaliinulia mkono gari la mgeni tajiri lililoacha njia ili kumfuata simba, amekata upande mmoja tu. Wananchi huona. Wakishaona, hawatampa habari askari huyo siku atakapozihitaji. Ulinzi wa pori kubwa kama Rungwa hauwezekani bila habari za wananchi, hata Serikali ikinunua magari mia.

FEDHA ZILITOKA WAPI HADI SASA?

Suala la kumtaka mtumiaji wa pori achangie gharama ya ulinzi wake si geni katika nchi hii. Mfuko wa Kuhifadhi Wanyamapori Tanzania ulianzishwa mwaka 1978, kwa marekebisho ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1974. Ulipewa sehemu ya mapato yatokanayo na uwindaji ili usaidie kazi za uhifadhi, ikiwa ni pamoja na doria na vifaa vyake. Sheria ya mwaka 2009 ikauendeleza. Kwa hiyo fikra ilikuwapo tangu mwanzo: anayelifaidi pori alipie mlinzi wa pori. Vile vile, kwa miaka mingi utaratibu wa Serikali umekuwa kuzirudishia halmashauri za wilaya asilimia 25 ya ada za wanyama wanaowindwa katika maeneo yao, ili mwananchi wa jirani naye aone faida.

Mwaka 2014 iliundwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, nayo ikaanza kazi mwaka 2016 na kukabidhiwa mapori ya akiba. Mwaka 2020 Sheria ya Fedha ilibadili mkondo wa mapato ya Hifadhi za Taifa na ya Ngorongoro, yakawa yanakusanywa na Mamlaka ya Mapato na kuingia katika Mfuko Mkuu wa Serikali, na mashirika hayo yakapata fedha kwa njia ya bajeti. Wapo walioupokea uamuzi huo kwa furaha, kwa kuwa Taifa lilipata kuziona fedha zote mahali pamoja. Wapo walioingiwa na hofu, kwa kuwa shilingi inayotoka mbali huchelewa kufika.

Pande zote mbili zina hoja. Lakini mtu anayeijua kazi ya doria atakubali jambo moja: masika hayangoji hati ya malipo. Fedha za kuziba njia haramu zikifika baada ya mvua kuanza, gari la doria halipiti, na zikifika kiangazi kimekwisha, jangili amekwisha kupita. Awe mweka hazina ni wa Manyoni, wa Dodoma au wa mfuko maalumu, kipimo cha kwanza cha ruzuku ya ulinzi ni kufika kwa wakati.

MFANO WA NCHI NYINGINE

Katika jimbo la California, Marekani, watu wengi huendesha magari na pikipiki nje ya barabara kwa ajili ya starehe tu. Jambo hilo huenda likamshangaza mkulima wa Ikungi, ambaye hutoka nje ya barabara kwa shida na si kwa raha. Hata hivyo, utaratibu waliouweka unastahili kuchunguzwa. Mwaka 1971 jimbo hilo lilitunga sheria ya magari ya nje ya barabara. Sheria iliweka mfuko unaolishwa na ada za kuyaandikisha magari hayo na sehemu ya kodi ya mafuta wanayoyachoma waendeshaji hao. Kutoka katika mfuko huo, serikali za wilaya, idara za misitu na za ardhi, na hata vyama vya hiari, huomba ruzuku.

Sheria iliyotungwa mwaka 2007 ikaweka mgawanyo. Kama ruzuku ingekuwa shilingi 100, basi shilingi 50 zingekwenda katika uendeshaji na matengenezo ya njia zilizoruhusiwa. Shilingi 25 katika kuponya ardhi iliyoharibiwa. Shilingi 20 katika ulinzi na utekelezaji wa sheria. Na shilingi 5 katika elimu na usalama. Zaidi ya hayo, maombi ya ruzuku huwekwa wazi kabla ya kukubaliwa, ili raia ayasome na kutoa maoni yake.

Hapana haja ya kuunakili mfano huo kama ulivyo. California ni jimbo tajiri lenye mamilioni ya magari, na Singida ina mahitaji yake. Lakini mambo mawili yatazamwe. La kwanza ni kwamba ulinzi ulipewa shilingi 20 tu, ilhali kuponya ardhi kulipewa 25 na kutengeneza njia halali kukapewa 50. Waliotunga sheria hiyo walitambua kwamba dereva mwenye njia nzuri ya halali hana sababu nyingi za kuacha barabara, na kwamba njia haramu isipofutwa itatumika tena hata askari wakiwa wengi. La pili ni kwamba raia aliisoma hesabu kabla fedha hazijatoka. Mara nyingi hapa kwetu mwananchi huisikia hesabu baada ya fedha kwisha, kama akiisikia.

FEDHA BILA SIKIO

Historia ya nchi hii yenyewe ina mafunzo, nayo ni machungu. Mwezi Oktoba 2013 Serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza ili kuukomesha ujangili. Shabaha yake ilikuwa njema, na idadi ya tembo iliyokwisha kutajwa inaonyesha kwamba hatari ilikuwa ya kweli. Lakini operesheni ilisimamishwa tarehe 1 Novemba mwaka huo huo, kwa sababu ya malalamiko ya wananchi waliopigwa, waliodhalilishwa na waliopoteza mali na hata ndugu zao. Kamati ya Bunge ilichunguza, na mwezi Desemba 2013 mawaziri wanne wakaondoka madarakani. Fedha na silaha zilikuwapo. Usimamizi ndio uliokosekana.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 150 kwa ajili ya mradi wa kukuza utalii na uhifadhi kusini mwa Tanzania, na Hifadhi ya Ruaha, jirani wa Rungwa, ilikuwa miongoni mwa hifadhi zilizonufaika. Wanavijiji wa jirani wakapeleka malalamiko kuhusu mwenendo wa ulinzi na kuhusu kuhamishwa. Mwezi Aprili 2024 Benki ikasimamisha utoaji wa fedha mpya, na mwezi Novemba 2024 mradi ukafutwa. Mtu anaweza kubishana juu ya nani alikosea na kwa kiasi gani. Lisilobishiwa ni hili: mnyama hakupata faida fedha ziliposimama, na mwanakijiji hakupata faida alipolazimika kupeleka kilio chake mpaka ng'ambo. Kama sikio lingekuwapo wilayani na kijijini, kilio kingesikilizwa kikiwa bado kidogo.

MAMBO YANAYOSTAHILI KUFANYWA

Kutokana na hayo, yako mambo matano yanayostahili kuzingatiwa na kila mtumishi ambaye kalamu yake inagusa fedha za ulinzi wa mapori.

Kwanza, mwenye kibali cha kuacha barabara alipie si ruhusa tu bali na matengenezo. Kampuni ya uwindaji, kundi la wapimaji au mkandarasi ambaye kazi yake inamlazimu kufungua njia, aandikiwe katika kibali chake wajibu wa kuifunga njia hiyo amalizapo: kwa magogo, kwa miiba na kwa kupanda upya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kuweka msingi wa kupima athari za miradi kabla ya kuanza. Kilichobaki ni mtu wa kwenda kutazama baada ya mradi kwisha, na mtu huyo naye anahitaji nauli.

Pili, ruzuku ya ulinzi igawanywe kwa kifungu kinachosomeka. Sehemu iende kwa doria, sehemu kwa kufuta njia haramu, sehemu kwa kutengeneza njia halali za wafuga nyuki na wanavijiji, na sehemu kwa elimu. Fungu likiandikwa "ulinzi" bila maelezo, lote litaishia katika mafuta na posho, na njia zitabaki wazi.

Tatu, askari asiishi kwa faini. Mahali ambapo posho ya mlinzi hutegemea idadi ya watu aliowakamata, mlinzi hujifunza kuwategea wanyonge kando ya kijiji badala ya kumfuata mhalifu ndani ya pori. Kazi yake ipimwe kwa njia haramu zilizofungwa na zilizobaki zimefungwa. Kipimo hicho ni chepesi, kwa kuwa njia iliyofungwa huonekana kwa macho na kukaguliwa na mtu yeyote.

Nne, askari wa wanyamapori wa vijiji wakumbukwe. Hao ndio waijuao kila njia na kila kisima. Mara nyingi hutumwa kazi ya hatari bila viatu vya kufaa wala bima, kisha hulaumiwa kwa kuwa karibu mno na ndugu zao. Sehemu ya ruzuku inayowafikia iandikwe kwa jina la kijiji, ili isipotee njiani.

Tano, hesabu isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hufanya kazi yake na Bunge huipokea taarifa yake. Lakini taarifa hiyo huandikwa baada ya mwaka kupita, na mwanakijiji wa Rungwa haisomi. Karatasi moja iliyobandikwa katika ofisi ya kijiji, yenye fedha zilizopokelewa, doria zilizofanyika, njia zilizofungwa na malalamiko yaliyosikilizwa, ingefanya kazi ambayo vitabu vinene haviwezi kuifanya.

WAJIBU WA WATUMISHI NA WALIMU

Huenda mwalimu akajiuliza, yote haya yanamhusu nini? Yanamhusu sana. Kijana anayeendesha pikipiki leo katika vichaka vya Itigi alikuwa darasani miaka michache iliyopita. Kama aliambiwa tu kwamba tembo ni wa watalii, hatashangaa mtu akimlipa fedha kidogo ampeleke mgeni asiyemjua ndani ya pori usiku. Kama alifundishwa jinsi maji ya kisima chao yanavyotegemea miombo, na jinsi asali ya mzee wake inavyotegemea maua ya miti hiyo, atasita. Klabu za Malihai, zilizoanzishwa mwaka 1980, zilikusudiwa kuifanya kazi hiyo mashuleni. Pale zilipolala ziamshwe. Hazihitaji fedha nyingi, zinahitaji mwalimu mmoja mwenye nia.

Mtumishi wa halmashauri naye ana lake. Ni yeye anayeandika maombi ya fedha, naye ndiye anayejua kama idadi ya doria iliyoandikwa katika taarifa ni ya kweli. Taarifa ya doria ambayo haikufanyika ni wizi wa namna mbili: fedha zimepotea, na njia imebaki wazi huku wakubwa wakiamini kwamba imefungwa. Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Mwezi Septemba 1961, katika Tamko la Arusha juu ya wanyamapori, Mwalimu Julius Nyerere aliwaahidi walimwengu kwamba Tanganyika itafanya kila iwezalo ili wajukuu wa watoto wake wapate kuurithi utajiri huo. Wajukuu wa kizazi kile sasa ndio watu wazima, na wengine wao ndio wasimamizi wa fedha za umma. Ahadi ile haikutaja lita za mafuta, posho wala vipuri. Lakini ahadi yoyote ya nchi hutekelezwa kwa vitu vidogo kama hivyo, au haitekelezwi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Alama mbili za magurudumu kando ya barabara ya Rungwa ni ufa, na kuziziba leo kunagharimu magogo machache na siku moja ya kazi ya watu kumi. Zikiachwa, zitakuwa barabara. Ikishakuwa barabara, itadai lango, askari wa lango, nyumba ya askari na mshahara wa miaka yote, na fedha hizo zitatoka katika mfuko ule ule unaonunua madawati ya shule na dawa za zahanati. Kila anayesaini hati ya malipo ya ulinzi wa pori alikumbuke hilo kabla ya kuweka kalamu chini, na aulize swali moja: fedha hizi zikitoka leo, ni njia gani itakayofungwa, na ni nani kijijini atakayekwenda kuitazama?